Thomas Hardy kutoka Moshi: niende wapi, nijiunge na nani, na tusome nini?

Mwalimu Mstaafu (Moshi) ameuliza:

Ndugu wasomaji, nawasalimu.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari za mkoa huu wa Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nistaafu ninauza mahindi na maharage kwa jumla karibu na soko la Mbuyuni. Nalitaja hilo la biashara kwa sababu ndilo lililonirudisha kwa Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya na mashairi wa Uingereza. Riwaya yake ya mwaka 1886, The Mayor of Casterbridge, niliisoma nikiwa kijana kama kisa cha mlevi aliyemuuza mkewe kwenye gulio kwa gini tano, akaapa kutogusa pombe kwa miaka 21, akatajirika na kuwa meya. Nilipoisoma tena nikiwa na ghala langu mwenyewe, nikakuta kwamba sehemu kubwa ya kitabu ni biashara ya nafaka. Michael Henchard anakwenda usiku kwa mtabiri wa hali ya hewa, anaambiwa mavuno yataharibiwa na mvua, ananunua kwa pupa na kujaza maghala, kisha jua linawaka, bei inaporomoka, anauza kwa hasara, na hajakaa sana mvua inaanza kunyesha kweli. Wenzangu wa Mbuyuni niliowasimulia kisa hicho walitaka kujua mwandishi huyo alikuwa dalali wa soko gani.

Sasa binti yangu anasoma Southampton na amenialika kumtembelea mwezi Juni. Nitapata siku chache za kwenda Dorset, jimbo la kusini mwa Uingereza alikoishi Hardy, magoti yangu si ya kijana, na sitaki kukimbizwa kuona kila jiwe lenye kibao. Nataka mahali pachache patakaponisaidia kuvielewa vitabu. Nasikia pia kuna jumuiya ya wapenzi wa Hardy, na ningependa kujua kama mtu aliyeko Moshi ananufaika kwa lolote akijiunga, au ni kulipa ada na kupokea kadi. Isitoshe, tuna kikundi kidogo cha walimu, waliostaafu na walioko kazini, tunaokutana Jumamosi kusoma riwaya moja kwa pamoja, lakini nakala iliyopo ni moja na imeshaachana na jalada lake. Je, maandishi ya Hardy, na ikiwezekana sauti, tutayapata wapi bila kuagiza vitabu kutoka nje na bila kuvunja sheria?

Mama wa Usa River amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma Bournemouth, mji ambao katika vitabu vya Hardy unaitwa Sandbourne na ndimo Tess, msichana wa riwaya ya Tess of the d'Urbervilles, anamomuua Alec aliyemharibia maisha, na siku za mapumziko nilikuwa nikipanda treni kwenda Dorchester, mji ambao Hardy aliuita Casterbridge. Ushauri wangu ni kwamba uiache London kabisa na uweke makazi Dorchester kwa siku mbili au tatu. Treni ya London kwenda Weymouth hupita Southampton na kusimama katika kituo cha Dorchester South, na mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba riwaya unayoipenda unaweza kuitembea kwa miguu, polepole, ukipumzika kwenye mabenchi.

Anzia katika jumba la makumbusho la Dorset, High West Street, lililofunguliwa tena mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa. Hakuna mkusanyiko wa vitu vya Hardy unaoushinda ule, na mswada wa The Mayor of Casterbridge ni sehemu yake. Chumba chake cha kuandikia kimepangwa humo kama alivyokiacha, na hapo nakuomba usipite haraka. Kuna kalamu ambazo Hardy aliandika kwenye mpini jina la kitabu alichokiandikia, hivyo kalamu ya Tess unaijua na kalamu ya Jude unaijua, kama fundi anavyotia alama vifaa vyake visichanganyike. Na mezani kuna kalenda iliyosimama kwenye Jumatatu, tarehe 7 Machi. Siku hiyo, mwaka 1870, Hardy, ambaye wakati huo alikuwa msanifu majengo kijana, alifika St Juliot huko Cornwall kukagua kanisa lililohitaji ukarabati, akafunguliwa mlango na Emma Gifford, ambaye walioana mwaka 1874. Emma alipofariki mwaka 1912 ndoa ilikuwa imepoa kwa miaka mingi, wakiishi nyumba moja kama wapangaji wawili, lakini kifo chake kilimtoa Hardy mashairi ambayo wengi, nami nikiwemo, tunayaona kuwa bora kuliko riwaya zake zote. Mimi mashairi hayo nilifundishwa darasani na sikuyaelewa mpaka nilipoiona kalenda ile.

Ukitoka makumbusho shuka kuelekea High East Street mpaka hoteli ya King's Arms. Dirisha lake kubwa lililochomoza mbele, juu ya mlango, ndilo ambalo Susan, yule mke aliyeuzwa, na bintiye Elizabeth-Jane wanasimama barabarani kulitazama usiku ule wa karamu, wakamwona Henchard ameketi mahali pa heshima huku watu wa mji wakinung'unika kuhusu mkate mbaya uliotokana na ngano iliyochipua aliyowauzia. Wewe muuza nafaka utaisikia sura hiyo vizuri kuliko mimi. Halafu, upande wa kusini wa mji, si mbali na kituo cha treni, kuna Maumbury Rings, uwanja wa mviringo wenye tuta refu la udongo ambao Warumi waliutumia kwa michezo yao. Henchard anauchagua kwa kukutana kwa siri na mke aliyemuuza. Ingia, simama katikati, na utaona jinsi tuta linavyoificha barabara iliyo hatua chache tu kutoka hapo.

Kijumba alichozaliwa Hardy tarehe 2 Juni 1840 kiko Higher Bockhampton, yapata kilomita 5 kutoka mjini, karibu sawa na kutoka Moshi mjini hadi hospitali ya KCMC. Chukua teksi ya kwenda, na kama magoti yataruhusu rudi kwa miguu kupitia Stinsford. Ni nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, iliyojengwa na baba wa babu yake. Baba yake alikuwa mwashi na mjenzi, na chini kuna kidirisha chenye nondo ambacho kupitia hapo aliwalipa vibarua ujira wao. Juu, karibu na dirisha dogo, mwanawe aliandika Far from the Madding Crowd. Kisha linganisha na Max Gate, nyumba ya matofali pembezoni mwa Dorchester ambayo Hardy aliichora mwenyewe, ikajengwa na baba yake na ndugu yake, akahamia mwaka 1885 na kuishi humo hadi kufa kwake tarehe 11 Januari 1928. Kusema kweli si nyumba nzuri. Lakini panda hadi vyumba vya darini ambako Emma alijitenga katika miaka yake ya mwisho, kisha ushuke bustanini kuyaona makaburi ya wanyama wao wa nyumbani, likiwemo la mbwa Wessex aliyewatisha wageni maarufu wa Uingereza nzima.

Nyumba zote mbili ziko chini ya National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majengo ya kihistoria, na hazifunguliwi kila siku ya mwaka, kwa hiyo mwambie binti yako aangalie tarehe na akate tiketi mapema. Kanisa la Stinsford halina tiketi. Moyo wa Hardy umezikwa hapo kaburini pamoja na Emma, ilhali majivu yake yako Westminster Abbey, maana taifa lilimtaka London na familia ikamtaka nyumbani, wakagawana.

Msomaji wa Sakina amejibu:

Nakubaliana na Mama wa Usa River kwa mengi, isipokuwa namwomba Mwalimu asiende Dorchester akitumaini kuikuta Casterbridge. Katika South Street kuna jengo la matofali lililotumika kama benki kwa miaka mingi, na ukutani lina kibao kinachotangaza kwamba meya wa Casterbridge aliishi humo. Mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa amepewa anwani! Hardy mwenyewe, katika dibaji ya toleo la 1912 la kazi zake, alikiri kwamba miji yake ilichochewa na miji halisi lakini akakataa kufungwa na ramani. Kama hata hivyo unataka kujua kila jina la kubuni linaelekea wapi, kuna kitabu kimoja tu ninachokiamini, Thomas Hardy's Wessex cha mpiga picha Hermann Lea, kilichotolewa na Macmillan mwaka 1913; Wessex ndilo jina ambalo Hardy aliliita eneo la vitabu vyake. Lea alisaidiwa na Hardy mwenyewe, na wakati fulani alikuwa mpangaji katika kijumba kile cha Bockhampton. Nakala yake inasomeka bila malipo kwenye tovuti ya Internet Archive, na picha zake zinaonyesha Dorset ambayo bado haijajaa magari.

Kuhusu jumuiya, iliyo kubwa ni Thomas Hardy Society, iliyoanzishwa mwaka 1968 na yenye makao Dorchester. Inapokea wanachama kutoka nchi yoyote. Inachapisha The Thomas Hardy Journal, inaandaa matembezi yenye mwongozo katika mahali panapotajwa kwenye vitabu, na kila baada ya miaka miwili hufanya mkutano wa kimataifa Dorchester, ambako maprofesa na wasomaji wa kawaida hukaa ukumbi mmoja. Je, inafaa kwa mtu wa Moshi? Matembezi huwezi kuyafaidi kutoka hapa, kwa hiyo unacholipia hasa ni jarida na mawasiliano. Mimi ningeshauri kikundi chenu kichange ada ya mwanachama mmoja, na jarida lizunguke kwenu kwa zamu. Na kabla Mwalimu hajakata tiketi ya ndege, aiandikie jumuiya kuuliza kama kuna tembezi lililopangwa katika siku zake za Juni, kwa sababu tembezi moja na mtu anayeijua Dorchester litamfaa kuliko siku nzima ya kuzunguka na simu mkononi. Iko pia The Thomas Hardy Association, ambayo shughuli zake nyingi ziko mtandaoni na inayochapisha The Hardy Review. Hiyo inawalenga zaidi watafiti.

Usisumbuke kununua barua zake zilizokusanywa na Oxford katika mabuku 8, kwani bei yake ni ya maktaba. Badala yake tafuta mradi wa Chuo Kikuu cha Exeter unaoitwa Hardy's Correspondents, unaoweka mtandaoni, bila malipo, barua ambazo watu walimwandikia Hardy: wachapishaji, washairi, marafiki, na wasomaji wasiojulikana. Kwa kikundi cha walimu huo ni mgodi, kwa sababu mnaweza kusoma mtu wa zama zile alisema nini baada ya kufunga kitabu kilekile mlicho nacho.

Nyongeza moja kuhusu miswada. Haiko yote Dorset. Mwaka 1911 Sydney Cockerell, mkurugenzi wa Fitzwilliam Museum huko Cambridge, alimsaidia Hardy kuigawa kwa taasisi mbalimbali: Tess ikaenda kwenye hazina ambayo sasa ni ya British Library, na Jude the Obscure ikabaki na Cockerell mwenyewe, Fitzwilliam. Kwa hiyo Jude Fawley, mwashi aliyejifunza Kilatini peke yake na kufungiwa mlango na chuo kikuu, ameishia kutunzwa ndani ya makumbusho ya chuo kikuu. Sijui kama Hardy alicheka, lakini mimi hucheka kila ninapokumbuka.

Mkutubi (Arusha) amejibu:

Mwalimu, nijibu swali la vitabu, maana ndilo la kazi yangu.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi hulindwa katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hardy alifariki mwaka 1928, hivyo maandishi yake yako huru hapa nchini tangu zamani, na hata Uingereza, ambako muda ni miaka 70, ulinzi huo umeshakwisha. Mnaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutoa fotokopi na kugawana. Kisichoruhusiwa ni kutoa fotokopi ya nakala ya kisasa pamoja na utangulizi na maelezo ya wahariri walio hai, kwani hayo ni mali yao. Walimu wengi hawatenganishi mambo hayo mawili, na stationery za mjini haziulizi.

Riwaya zake zote 14 ziko Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure visivyo na ulinzi tena. Faili la riwaya nzima ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo mwenye bando dogo hana sababu ya kuogopa, na kila mwanakikundi anaweza kulisoma kwenye simu yake bila mtandao baada ya kulipakua mara moja. Kwa sauti nendeni LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu visivyo na ulinzi tena. Viwango vinatofautiana sana. Pale ambapo kitabu kina usomaji zaidi ya mmoja, chagueni ule uliosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sauti ikibadilika kila sura Henchard anakuwa watu kumi. Ambao macho yamechoka watawashukuru.

Sasa tahadhari kuhusu matoleo. Hardy hakuacha kurekebisha vitabu vyake, na The Mayor of Casterbridge ni mfano mzuri. Katika kitabu cha 1886 kilichotoka London, aliondoa tukio la Henchard kurudi kwenye harusi ya Elizabeth-Jane akiwa na ndege mdogo ndani ya tundu kama zawadi, kisha akalirudisha katika toleo la 1895. Kwa hiyo kabla ya kugawa nakala, fungueni sura za mwisho mtazame: ndege yupo au hayupo? Kama hayupo, mna maandishi ya awali, na mwisho wa Henchard unakuwa mkavu zaidi. Kama mtakuwa na nakala za aina zote mbili, nawahakikishia Jumamosi nzima ya mabishano.

Jambo la mwisho ni la upangaji. Riwaya hiyo ilitoka kwanza kama hadithi ya mfululizo katika gazeti la The Graphic, kila wiki, kuanzia Januari hadi Mei 1886, katika sehemu 20. Sura ziko 45. Ndiyo maana karibu kila sura mbili kuna mtu anayerudi ghafla, barua inayofunguliwa isivyotakiwa, au siri inayovuja; mwandishi alikuwa na wasomaji wa wiki ijayo wa kuwashika. Hardy mwenyewe alilalamika baadaye kwamba kujaza matukio kila wiki kulimharibia kazi. Mkisoma sura mbili au tatu kila Jumamosi mtakwenda kwa mwendo uleule wa wasomaji wa kwanza, na mtajionea wenyewe kama malalamiko yake yalikuwa ya haki.

Mwalimu Mstaafu (Moshi) ameandika:

Nawashukuru nyote, na marahaba Mama wa Usa River. Nimeshawasiliana na binti yangu kuhusu tiketi za National Trust, na wanakikundi wamekubali kuchangia uanachama mmoja, ingawa bado tunabishana jarida litumwe kwa sanduku la posta la nani. Nimefungua nakala yangu kuukuu na kumkuta ndege yupo. Mwenzetu mmoja aliyepata nakala nyingine kwa mtu wa mitumba hana ndege.

Mniruhusu maswali mawili mengine. Binti yangu anapendekeza twende hadi Cornwall alikokutana Hardy na Emma, au Stonehenge ambako Tess anakamatwa. Je, inafaa? Na baada ya Casterbridge, kikundi kisome nini, kwa kuzingatia kwamba nusu yetu wana ng'ombe na mbuzi nyumbani na hawana subira na riwaya za vyumba vya wageni?

Mama wa Usa River amejibu:

Cornwall iache, Mwalimu. Ni mbali, na St Juliot iko mahali ambapo bila gari binafsi utakula siku nzima barabarani. Stonehenge ni ya kila mtu, na umati wa watalii hautakuruhusu kumfikiria Tess. Kama unamtaka Tess, shuka kwenye treni katika kituo cha Wool, kilicho kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Dorchester. Karibu na kituo, ng'ambo ya daraja la zamani la mawe, utaiona Woolbridge Manor, nyumba ambayo Tess na Angel wanalala usiku wa harusi yao na kuambiana siri zao. Itazame tu kutoka darajani, inatosha. Kama binti yako atapata gari, ongezeni kanisa la Bere Regis, lenye makaburi ya ukoo wa Turberville uliompa Hardy jina la d'Urberville.

Msomaji wa Sakina amejibu:

Kwa wafugaji hakuna cha kujadili, ni Far from the Madding Crowd ya mwaka 1874. Kuna sura ambamo kondoo wa Bathsheba, mwanamke mwenye shamba, wanavunja ua, wanakula klova changa na kuvimba matumbo kwa gesi, na mtu pekee katika eneo lote anayejua kuwatoboa ubavuni mahali panapostahili ni mchungaji Gabriel Oak, ambaye Bathsheba ametoka kumfukuza kazi kwa maneno makali siku moja tu kabla. Anamwamuru arudi, Oak anakataa hadi aombwe kwa adabu. Anaandika barua, akiongeza mstari mmoja wa kumsihi asimwache, na Oak anakuja. Hardy anatoa hesabu kama ya afisa mifugo: walioathirika 57, waliotobolewa wakapona 49, mmoja alikufa kwa kisu kukosea mahali, 4 walikuwa wamekufa kabla, 3 walipona wenyewe. Mpeni sura hiyo mwanakikundi aliyewahi kumtoboa ng'ombe aliyevimba, aisome kwa sauti, na mumwache akosoe.